Kesi ya Kupe wa Ukulunguni

Sikudhani binti Mbaruku alikuwa amesimamia josho la ng'ombe kwa miaka ishirini na miwili kabla ya kwenda Majinani. Mtu aliyekaa joshoni muda wote huo hubaki na vitu viwili: pua isiyosikia tena harufu ya dawa, na jicho linaloweza kumwona kupe mdogo kuliko punje ya ufuta juu ya ngozi ya mnyama anayetembea. Ni kwa sababu ya jicho hilo alipelekewa barua. Barua ilitoka kwa Msajili Mkuu wa Majinani, nayo ilisema kwa adabu nyingi kwamba nchi hiyo ina kesi iliyodumu miaka kumi na minne, kwamba wataalamu wake wote wameshaegemea upande huu au ule, na kwamba sheria inataka shahidi mgeni ambaye hajawahi kukipa kitu chochote jina. Sikudhani hakuwa na mtoto, wala hakuwahi kufuga paka. Alifaa.

Majinani si nchi maskini, wala watu wake si wabaya. Sikudhani alishikilia hilo hata baada ya yote yaliyompata. Barabara zao zimefagiliwa, visima vina vifuniko, na mgeni hupewa kiti kabla ya kuulizwa shida yake. Ila sheria yao kuu ina sentensi moja tu, nayo imeandikwa juu ya kila mlango wa ofisi: Kisicho na jina hakipo. Siku ya kwanza mjini alimwona mchuuzi wa samaki ameketi mbele ya sinia lililojaa, inzi wamelizingira, na hakuna mteja anayesimama. Jina la samaki yule lilikuwa limekatiwa rufaa. Mpaka rufaa isikilizwe hakuwa samaki, na kwa kuwa hakuwa samaki hakuna aliyethubutu kumla isipokuwa paka, ambao sheria haiwafungi. Mchana huo huo, nje ya ofisi ya Msajili, ndege mdogo wa manjano aliimba juu ya ukuta kwa sauti iliyomfanya Sikudhani asimame. Karani aliyekuwa akimwongoza aligeuza uso.

"Ndege gani yule?" Sikudhani aliuliza.

"Ndege yupi?" karani akajibu, na uso ukamwiva kwa aibu.

Msajili Mkuu, Bwana Zidikheri, alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyeshika kikombe chake cha chai ya tangawizi kwa mikono miwili. Alimweleza kesi bila kuinua sauti.

Kusini mwa nchi, upande unaoitwa Mijusini, kuna kupe mwenye ngao nyeusi mgongoni na miguu myeusi. Alipewa jina miaka mia moja na hamsini iliyopita, akaitwa Kupe Bega. Huko kusini huwa anajishikiza zaidi kwenye mijusi, na watu hawamsumbukii. Kaskazini, Ukulunguni, ambako watu hufuga kulungu kama wengine wafugavyo mbuzi, kuna kupe wa sura hiyo hiyo, na kwa muda mrefu naye hakuna aliyemjali. Kisha watu wa huko wakaanza kuugua. Mtu akiumwa na kupe huyo, baada ya siku chache ngozi hufanya duara jekundu, pana kama kisahani, lenye weupe katikati. Halafu huja homa, halafu magoti huvimba, uso hulegea upande mmoja, na kwa wengine moyo husahau kazi yake. Mtaalamu mmoja akasema huyu ni kupe mwingine kabisa, akamwita Kupe wa Salimini kwa heshima ya mwalimu wake. Jina lilipopatikana, ugonjwa nao ukawapo kisheria. Bohari ya dawa ikajengwa Ukulunguni, na kila chupa ya vidonge ikabandikwa lebo: Kwa homa ya Kupe wa Salimini.

"Sasa wako Wagawaji," alisema Msajili, "wanaosema kupe ni wawili. Na wako Waunganishi, wanaosema ni mmoja aliyetembea sana. Daktari Lumwe wa Wagawaji amepima miguu ya kupe elfu nne. Daktari Pandu wa Waunganishi amepima miguu ya kupe hao hao na amepata urefu mwingine. Wana ofisi mbili, mihuri miwili, na hawajasalimiana tangu mwaka wa mafuriko."

"Na mimi mnanitakia nini?"

"Uwaozeshe, Bi Sikudhani. Jike la kaskazini kwa dume la kusini. Wakizaa, na watoto wao nao wakizaa, ni kupe mmoja. Wasipozaa, ni wawili. Utaulizwa swali moja, utajibu kwa neno moja, na kesi itakwisha."

Sikudhani alilipenda jambo hilo. Miaka yote joshoni alikuwa ameandika taarifa ndefu ambazo hakuna aliyezisoma, na hapa kulikuwa na nchi nzima iliyokuwa ikingoja neno lake moja.

"Ikiwa ni mmoja," aliuliza, "litabaki jina lipi?"

"La kwanza. Jina la kwanza ndilo jina. Hilo halijadiliwi."

Hakuuliza chini ya hilo jina la kwanza kuliandikwa nini. Lilikuwa swali dogo, hata mtoto wa shule angeliuliza, na kutoliuliza kulimkosesha usingizi miaka mingi.

Ukulunguni alipangiwa kukaa kwa Mwanakheri, mwanamke wa makamo, mfupi, ambaye kicheko chake kilitangulia maneno. Alikuwa na kulungu thelathini na mume aliyeitwa Shaweji, mtu mkimya aliyechonga mipini ya visu kwa pembe.

"Umekuja kutuhesabia kupe?" Mwanakheri alimuuliza kabla hajatua mzigo.

"Nimekuja kuwaozesha."

Mwanakheri alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. "Shaweji, umesikia? Hapa tuna mashangazi wazima hawajapata wachumba, mgeni anahangaikia kupe!"

Kuanzia siku hiyo walifanya kazi pamoja. Asubuhi, umande ukishakauka, waliburuta shuka jeupe juu ya majani marefu kule malishoni, kisha wakaligeuza na kuokota kupe mmoja mmoja kwa koleo ndogo. Wa kusini waliletwa ndani ya vichupa na tarishi. Sikudhani aliwafunga jike na dume katika vifuko vya kitambaa kwenye masikio ya sungura, akaandika tarehe, akangoja. Kupe hana haraka. Hula mara moja, hujibanza miezi, hujivua gamba, hula tena. Kazi ilichukua mwaka na miezi saba, na katika muda huo mgeni akawa shoga, na shoga akawa mtu wa nyumbani, anayejua sufuria ipi inavuja na Shaweji akinyamaza vipi ndipo amekasirika.

Aliona pia jinsi sheria inavyoishi na watu. Mtoto wa kupe, anapoanguliwa, ana miguu sita. Akishajivua gamba mara moja, huwa na minane. Katika Majinani viumbe wa miguu sita wako chini ya ofisi moja na wa minane chini ya ofisi nyingine. Jirani yao, fundi wa matofali, aliwahi kuumwa na kupe, akambeba kwenye kiberiti hadi ofisi ya Miguu Minane. Walihesabu miguu, wakapata sita, wakamwambia aende kwa wenzao. Kule wakamwambia kupe si mdudu hata kama ana miguu sita. Alirudi mara tatu. Mara ya mwisho kupe alikuwa amekauka na miguu miwili imekatika, na makarani wakakataa kabisa kujadili kiumbe cha miguu minne.

"Wewe unacheka," Mwanakheri alisema siku aliposimulia habari hiyo. "Yeye alikaa kitandani miezi mitano."

"Si wewe uliyeanza kucheka?"

"Mimi ni mwenyeji."

Majike ya kaskazini yalitaga. Mayai yakaanguliwa. Watoto wakakua, wakaozeshwa wao kwa wao, na katika mwezi wa kumi na tisa mayai ya wajukuu yakaanza kupasuka ndani ya vichupa, vitone vya rangi ya chai vikitambaa juu ya kioo. Sikudhani aliyatazama kwa kioo cha kukuzia, akakaa chini sakafuni kama mtu aliyeambiwa habari njema ya ndugu. Walikuwa kupe mmoja. Hapakuwa na shaka hata ya punje.

Wiki hiyo hiyo Mwanakheri, alipokuwa akifunga kanga, alionyesha paja lake. Duara lilikuwa pale, jekundu, na weupe katikati.

"Lini?" Sikudhani aliuliza.

"Juzi, au kabla ya juzi. Tulipokuwa tukiburuta shuka kule bondeni."

"Nenda bohari leo."

"Nikimaliza sungura. Wewe unaondoka kesho kwenda kusema neno lako, nani atawalisha? Nitakwenda ukirudi. Dawa zimejaa tele pale, hazina miguu."

Baraza lilijaa. Wagawaji walikaa kushoto na mihuri yao mapajani, Waunganishi kulia. Sikudhani aliapishwa, na Msajili Mkuu akauliza, "Kupe wa kaskazini na kupe wa kusini, ni wangapi?"

"Mmoja," alisema Sikudhani. Halafu akaongeza, "Lakini yule wa kaskazini, kwa kuwa anakula kwenye panya na kulungu wa huko, anabeba homa ambayo..."

"Shahidi ameulizwa swali moja," alisema Msajili, bila ukali wowote. Karani aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi, na sentensi ile haikuandikwa.

Kisha wakatekeleza sheria. Jina la pili lilifutwa kwa mstari mwekundu. Salimini halikuwa tena jina la kitu chochote, wala halingeweza kupewa kitu kingine milele, maana jina la kiumbe likishafutwa limekufa. Jina la kwanza likathibitishwa pamoja na maelezo yake ya kwanza, kwa kuwa haviachani. Karani alifungua daftari kuukuu na kusoma maelezo ya Kupe Bega, yaliyoandikwa miaka mia moja na hamsini nyuma na bwana mmoja aliyeletewa kupe mmoja mfu ndani ya chupa kutoka Mijusini. Yalikuwa sentensi mbili. "Ana bega pana. Hana madhara."

Upande wa kulia walipiga makofi. Daktari Pandu alilia kwa furaha kama mzazi kwenye harusi. Daktari Lumwe naye alilia, kwa kuwa kibao cha ofisi yake kingeshushwa jioni hiyo. Sikudhani aliwatazama watu hawa wawili waliosoma, kila mmoja na leso yake, akangoja mmoja wao aseme neno juu ya wagonjwa. Walisalimiana, kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa mafuriko. Hakuna aliyesema.

Alirudi Ukulunguni akamkuta Mwanakheri kwenye mlango wa bohari, ameketi juu ya ngazi pamoja na watu wengine kama arobaini, baadhi wakiwa na magongo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa lakiri nyekundu, muhuri wa nta wa ofisi ya Msajili. Mtunza bohari, Fumbwe, alikuwa amesimama mbele yake na ufunguo mkononi.

"Fumbwe," alisema Sikudhani, "vidonge si viko ndani?"

"Viko. Chupa mia nane."

"Na mgonjwa si huyu hapa?"

"Huyu hapa."

"Basi?"

"Vidonge ninaviona, Bi Sikudhani, na mgonjwa ninamwona. Jina silioni. Chupa zinasema ni za homa ya Kupe wa Salimini, na hakuna Kupe wa Salimini. Aliyeko ni Kupe Bega, na Kupe Bega hana madhara. Nikimpa mtu dawa ya kitu kisichokuwapo nimetoa nini? Watanifunga, na watafunga bohari pamoja nami."

"Unaweza kulala na jambo hili?"

Fumbwe alikunja mkono wa shati lake mpaka juu ya kiwiko, akamwonyesha. Duara lilikuwa pana kama kisahani. "Siku ya nne leo," alisema. "Na ufunguo ni huu hapa."

Watu wale arobaini walikaa pale mpaka jua likawatoa. Hakuna aliyerusha jiwe. Jambo hilo lilimkera Sikudhani kuliko lakiri yenyewe, mpaka alipoelewa kwamba walikuwa wakiona aibu, kama watu waliokamatwa wakijifanya wagonjwa.

Wiki ya tatu Mwanakheri aliamka na shavu la kushoto limelegea. Chai ilimtoka pembeni mwa mdomo na kicheko chake kikawa cha upande mmoja. Wiki ya tano alianza kuanguka. Alikuwa akisimama vizuri, akizungumza, kisha macho yanapanda juu, na Sikudhani akimshika kifundo cha mkono alihesabu mapigo, akangoja, akangoja, ndipo likaja pigo lingine.

Shaweji alichonga mipini usiku na mchana, mingi kuliko visu vilivyokuwako Ukulunguni.

"Niambie," Mwanakheri alisema asubuhi moja, maneno yakimtoka kwa shida. "Kule barazani ulisema ulichokiona?"

"Ndiyo."

"Kupe ni mmoja kweli?"

"Ni mmoja kweli, Mwanakheri. Uliona mayai mwenyewe."

"Niliyaona. Basi nisingetaka useme kingine." Baadaye sana, Sikudhani alipodhani amelala, akaongeza, "Lakini ningetaka kupona."

Sikudhani alitoka nje, akasimama kwenye banda la kulungu. Maisha yake yote alikuwa mtu asiyesema uongo, si kwa kumcha Mungu bali kwa mazoea ya kazi. Ukidanganya juu ya kipimo cha dawa ya josho, ng'ombe hufa. Sasa aliona kwamba ameuweka ukweli wake mezani kwa watu walioutumia kama kabari ya kufungia mlango, na kwamba yeye mwenyewe, siku ile, alikuwa ameondoka barazani akiwa na kiburi kidogo moyoni kwa kuulizwa na kujibu vyema. Aliingia ndani, akambusu Mwanakheri kwenye shavu lililolegea, akamwambia Shaweji, "Mlazeni chali, miguu juu. Nakwenda na kurudi."

Baraza liliitishwa, kwa kuwa sheria humpa shahidi haki ya kukana ushahidi wake. Sheria hiyo pia hutaja adhabu, na Msajili Mkuu alimsomea mara mbili. Shahidi aliyesema uongo hufutiwa jina. Akishafutiwa, hayupo.

"Umeelewa, Bi Sikudhani?"

"Nimeelewa."

"Kupe ni wangapi?"

"Wawili."

Daktari Pandu aliruka kitini. "Mayai ya wajukuu niliyaona kwa macho yangu! Alinionyesha!"

"Niliyabadilisha," alisema Sikudhani. "Yalikuwa ya kupe wa kusini watupu. Hawa wa kwenu hawazai pamoja. Nilitaka kumaliza kazi nirudi kwetu."

Pandu alimtazama. Sikudhani aliona wazi kwamba alijua. Lumwe naye alijua. Mkono wake ulikuwa tayari umekwenda kwenye muhuri. Katika ukumbi ule wote labda hakuwako hata mtu mmoja aliyeuamini uongo ule, na hakuwako hata mmoja aliyeuhitaji uwe kweli. Ulikuwa umesemwa, umeandikwa, basi.

Hukumu ya kwanza ikatenguka. Kupe wakawa wawili tena. Karani alifungua daftari la watu, akalitafuta jina lake, akalipiga mstari. Palepale wale waliokuwa wakimtazama waliacha kumtazama, kwa upole, kama wanavyofanya kwa ndege wa manjano.

Ndipo Daktari Lumwe aliposimama na kusema kwamba kuna tatizo. Kupe wa kaskazini yuko tena, lakini hana jina. Salimini limekufa. Kamati ya Majina Mapya hukutana mara moja kila miaka mitatu, na imekutana miezi minne iliyopita. Mpaka hapo, bohari haiwezi kuwa na lebo.

"Inabidi tungoje," alisema mmoja wa Wagawaji, na wengine wakatikisa vichwa kwa huzuni ya watu wasioumwa.

Sikudhani alisema kwa sauti kubwa, "Jina la mtu likifutwa halifi kama la kiumbe. Nimesoma sheria yenu. Hurudi kabatini, huru kutumiwa bila kamati. Lipo moja limerudi sasa hivi."

Hakuna aliyegeuka. Alirudia, karibu kwa kupiga kelele. Waliendelea kukusanya makaratasi yao. Alikwenda akasimama mbele ya meza ya Msajili Mkuu, akaiegemea kwa viganja vyote viwili, akasema mara ya tatu, taratibu, kama anayemwamsha mtu bila kutaka kumshtua.

Bwana Zidikheri alitazama ukuta uliokuwa nyuma ya bega la Sikudhani. "Waheshimiwa," alisema, "nimepata wazo."

Wazo la Msajili Mkuu lilisifiwa sana. Lilipitishwa bila mjadala, na tarishi akaondoka saa hiyo hiyo na lebo mia nane zilizoandikwa wino mbichi: Kwa homa ya Kupe wa Sikudhani. Yule asiyekuwapo aliketi nyuma ya mkokoteni wa tarishi, na kwa kuwa hakuwapo hakuna aliyemteremsha.

Fumbwe alivunja lakiri kwa mikono. Alibandika lebo ya kwanza, akafungua chupa, akameza vidonge viwili bila maji, akilia, kisha akaanza kuwagawia waliokuwa ngazini. Walikuwa pungufu ya arobaini. Chupa moja yenye lebo mpya aliiweka chini, kando ya mguu wake, akaitazama kwa makusudi na kusogea hatua mbili. Sikudhani aliichukua, akakimbia.

Shaweji alikuwa ameketi nje, hana kisu mkononi wala pembe.

"Juzi," alisema. "Alfajiri. Alisimama kuchota maji."

Sikudhani alikaa karibu naye na chupa mapajani. Ndani, mashangazi walikuwa wakisomeana majina ya waliokuja kuzika. Mwandishi wa vifo alikuwa ameshapita, na nakala ya hati ilikuwa imewekwa juu ya kinu ili isipeperushwe. Mbele ya neno Sababu palichorwa kistari kifupi, kwa kuwa siku ile ya juzi ugonjwa ulikuwa bado haupo.

"Wewe," alisema Shaweji. Aliisoma lebo ya chupa, akajaribu kuendelea, na Sikudhani akaona anatafuta namna ya kumwita na kuikosa; jina lake tayari lilikuwa la kitu kingine, na mtu huyu alikuwa amemzika mkewe kwa sababu ya kitu hicho. "Wewe, umekula?"

"Sijala."

Alimletea ugali na mboga, akampa mgongo wakati akila, akatoka kwenda kuwafungulia kulungu.

Yule asiyekuwapo aliondoka siku ya tatu, kwa miguu, kupitia vijiji vya malishoni. Dawa ilikuwa imefika kote. Aliona watu wakiota jua na magoti yaliyoanza kupungua, na fundi wa matofali akisimama mwenyewe bila gongo. Hakuna aliyempungia mkono. Pembeni mwa njia, kwenye ua uliofagiliwa, mama mmoja kijana alikuwa amempakata binti yake wa miaka minne au mitano na kumkagua nyuma ya magoti, kama wanavyofanya Ukulunguni kila mtoto anaporudi kutoka majanini.

"Sikudhani!" mama yule alisema ghafla, kwa sauti kali.

"Abee!" aliitika kabla hajajizuia, akasimama katikati ya njia.

Yule mama hakuinua uso. "Tulia, usijitikise," alimwambia mtoto. "Ameshika kweli huyu, mshenzi." Akambana kwa kucha mbili, akamvuta taratibu mpaka akang'oka, akamweka juu ya jiwe na kumponda.